Plau Ikivunjika Nani Hulipa? Somo Katika Kuazimana Vyombo



Katika masika yaliyopita lililetwa katika darsa yetu swali ambalo tulilidhania kuwa jepesi. Tukalijibu papo hapo baada ya sala ya Isha, na baada ya siku nane hatukuwa na budi kulirejea mbele ya watu wale wale na kukiri kwamba tulikosea. Na kwa kuwa jawabu la makosa lilikwisha kutoka msikitini Homa Bay likafika Rongo na Migori kabla ya jawabu la sawa, twaona ni wajibu wetu kuliandika jambo lote hapa, swali na kosa na masahihisho yake, ili yule aliyelisikia la kwanza apate kulisikia na la pili.

Swali lilikuwa hivi. Ndugu yetu mmoja, mkulima wa upande wa Ndhiwa, ana plau lakini hana ng'ombe wa kulimia. Jirani yake, ambaye ni Mkristo, ana maksai wawili hodari, na plau hana, kwani ile aliyokuwa nayo aliiuza akalipa karo ya skuli. Kwa miaka kadha wa kadha wawili hawa wamekuwa wakisaidiana: plau ya huyu hufungwa kwa maksai wa yule, likalimwa kwanza shamba la mmoja, kisha la mwenziwe. Hawakuandikiana wala hawakuhesabiana. Masika haya, walipokuwa katika shamba la yule jirani, plau ilipiga jiwe lililokuwa limezama katika udongo mweusi. Ulimi wa chuma unaokata ardhi ukakatika, na mhimili wake ukapinda. Fundi wa kuchomelea vyuma akataka fedha ambazo si chache kwa mkulima katika mwezi wa Aprili, wakati ghala ni tupu na mbegu bado hazijanunuliwa.

Ndugu yetu akamwambia jirani yake: "Umeazima plau yangu, imevunjika shambani mwako, basi itengeneze." Jirani akajibu: "Omera, maksai wangu alipochechemea shambani mwako mwaka juzi, nilikudai nini?" Wakaachana hapo. Mvua ikawa inanyesha, na kila mmoja shamba lake limelimwa nusu.

Tulipoulizwa, tulisema kwamba kitu cha kuazima kina dhamana katika madhehebu ya Imam Shafi, na kwamba aliyeazima hulipa. Ndugu yetu akaichukua hukumu ile akampelekea jirani yake, akamwambia hivyo ndivyo isemavyo dini. Jirani akawafungua maksai wake, akasema hawatakanyaga tena shamba la Muislamu. Na jirani huyu, tulikuja kujua baadaye, ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika sururu kaburini siku ndugu yetu alipofiwa na mama yake. Sisi Waislamu wa pande hizi za Homa Bay na Migori tu wachache, na wengi wa majirani zetu hawasali pamoja nasi. Neno la kukosewa likitoka katika darsa yetu halisemwi kuwa ni kosa la watu watano waliokaa mkekani. Husemwa kuwa ndio Uislamu.

Na tuanze basi na asili ya jambo. Katika Sura ya 107 Mwenyezi Mungu amewaonya wale wanaosali hali wameghafilika na sala zao na wakajionyesha kwa watu, na mwisho wa sura amewataja kwa kuzuia kile kinachoitwa "maun", ambacho ndicho kilichoipa sura hiyo jina lake. Wako waliolifasiri neno hili kuwa ni zaka. Lakini Abdullah bin Masud (R.A.) alilifasiri kwa vyombo ambavyo watu hupeana kwa kawaida, kama shoka, chungu na ndoo ya kisimani. Sisi hatuoni taabu kuongeza katika orodha hiyo plau na nira yake, bomba la kunyunyizia dawa, na ile mashine ya kuvuta maji ziwani inayopita mikono mitatu au minne katika bustani za sukuma na nyanya za Kendu Bay. Mwenye kumzuilia jirani yake vitu hivi pasipo sababu, na kisha akasimama safu ya mbele, na aisome sura hii kwa makini.

Wazee wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri. Ni maneno ya kumtahadharisha mtu asijivunie kisicho chake, na kwa hilo ni kweli. Ila baadhi ya watu wameyageuza yakawa hoja ya kuona aibu kuazima na kuona ubaya kuazimwa. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na vazi moja la thamani ya dirhamu tano tu, na imepokewa kwake kwamba hapakuwa na biharusi wa Madina aliyepambwa katika zama za Mtume (S.A.W.) ila waliletewa habari wakaja kuliazima. Vazi hilo liliwasitiri maharusi wengi, na hapana aliyechekwa.

Sasa tuje kwenye sharia yenyewe, kwani hapa ndipo tulipoteleza.

Kuazima, ambako wanazuoni hukuita ariya, ni mtu kumruhusu mwenziwe atumie kitu chake bila ya malipo, nacho kitu kibaki kilivyo kisha kirudishwe chenyewe. Maneno haya machache yana mipaka miwili. Wa kwanza ni kwamba kitu kiwe cha kubaki baada ya kutumiwa. Mvuvi wa omena wa Sori au Mbita akimpa mwenziwe karabai iliyojaa mafuta kwa usiku mmoja, basi karabai ni ariya, na mafuta ni karadha: karabai itarudi ile ile, na mafuta yatarudi mfano wake, kibaba kwa kibaba. Siku hizi wengi wametupa karabai wakachukua taa za betri, na mafuta hayamo tena katika hesabu; lakini kwa mashine ya boti suala la mafuta liko pale pale, na magomvi yake mwaloni tunayasikia. Mtu huazima mashine, akairudisha kavu, akaona amemaliza. Hajamaliza. Bado anadaiwa petroli.

Mpaka wa pili ni kwamba iwe bila ya malipo. Msomaji na aushike mpaka huu, maana tutaurudia.

Kitu cha kuazima kikipotea au kikiharibika mkononi mwa aliyeazima, nani hulipa? Dalili kubwa katika mlango huu ni habari ya Safwan bin Umayya. Mwaka wa 8 wa Hijra (630), baada ya kufunguliwa Makka, Mtume (S.A.W.) alipokuwa akitoka kwenda Hunayn alimuomba Safwan ampe deraya zake. Safwan akamuuliza kama anamnyang'anya, naye akamjibu kwamba sivyo, bali ni za kuazima tena zenye dhamana. Imepokewa kwamba baadhi zilipotea, Mtume (S.A.W.) akataka kumlipa, na Safwan akakataa kupokea kwa kuwa moyo wake ulikuwa umekwisha kugeuka. Na jambo ambalo hatukuliangalia vya kutosha siku ile ya swali ni hili: Safwan alipotoa deraya hizo alikuwa bado hajasilimu. Mtume (S.A.W.) akiwa ndiye mwenye nguvu katika Makka aliazima kwa mtu asiye wa dini yake, na dhamana akaiweka juu ya nafsi yake, si juu ya Safwan. Sisi tulifanya kinyume chake. Dhamana tuliibandika juu ya jirani kabla ya kumsikiliza.

Kutokana na habari hii Imam Shafi na Imam Ahmad wamesema kwamba mwenye kuazima hudhamini kitu, hata kama hakufanya uzembe. Imam Abu Hanifa ameiona ariya kuwa ni amana, asilipe aliyeazima ila akivuka mpaka au akizembea. Imam Malik amekaa baina ya wawili, akatofautisha vitu vinavyoweza kufichika, kama nguo na mapambo, na visivyofichika, kama mnyama. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Katika miji yetu ya ziwani wako ndugu wenye asili ya Bara Hindi wanaofuata Hanafi, na wenye asili ya pwani wanaofuata Shafi. Ng'ombe wa kuazimwa akipigwa na radi, na radi katika nchi hii si jambo la nadra, Shafi husema alipwe kwa thamani aliyokuwa nayo siku ile aliyokufa, na Hanafi husema hapana malipo. Watu wawili wema huweza kugombana hapo, kila mmoja ameshika la imamu wake, na wote wawili hawana khiyana.

Hata hivyo, ndani ya madhehebu yetu ya Shafi mna jambo ambalo watu hulisahau. Kilichochakaa au kukwisha kwa matumizi yaliyoruhusiwa hakilipwi. Nguo ikififia kwa kuvaliwa, au ulimi wa plau ukilika kwa kulima, mwenye kitu ndiye aliyeridhia hilo alipokitoa. Kinacholipwa ni kile kilichoharibika kwa njia nyingine. Na akivuka mpaka wa ruhusa, hapo maimamu wote humrudishia dhamana. Aliyeazima maksai kwa kulima Rangwe kisha akawapeleka bonde la Lambwe, ambalo kwa mbung'o wake limejulikana miaka na miaka, na mnyama akashikwa na nagana, huyo hana imamu wa kumtetea. Vilevile aliyeazima mashine ya maji akaiwasha bila ya kutazama oili.

Basi na jiwe lile la Ndhiwa? Wengine katika darsa walisema plau kupiga jiwe ni katika matumizi ya kawaida, wengine wakasema sivyo. Tulijadiliana juu ya jiwe muda mrefu, na kumbe jiwe halikuwa ndilo suala.

Aliyetuzindua ni mwanafunzi wetu mdogo kuliko wote, ambaye hufundisha watoto chuoni. Alisimama akauliza: "Masheikh wangu, maksai nao je, walikuwa wa nani?" Tukanyamaza. Kisha tukafungua Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), tukasoma mlango wa ariya tangu mwanzo, jambo ambalo ilitupasa tulifanye kabla ya kujibu. Mle ametaja mtu anayempa mwenziwe farasi wake kwa sharti kwamba na yeye atampa wa kwake, akasema hiyo si ariya. Ni ijara, yaani kukodishana, tena ijara iliyoharibika kwa kuwa malipo yake hayakujulikana, nayo huwajibisha ujira wa mfano. Ndiyo hali ya wakulima wetu hasa. Plau ilitoka ili maksai watoke, na maksai walitoka ili plau itoke. Hapana aliyempa mwenziwe bure. Ule mpaka wa pili tulioutaja juu ulikuwa umevunjwa tangu siku ya kwanza, na hapana aliyeuona, kwa sababu katika Kiswahili neno letu ni moja: wote wawili husema "tunaazimana".

Na kukodi hukumu yake ni nyingine. Kitu cha kukodi ni amana mkononi mwa aliyekikodi, halipi ila akizembea au akivuka mpaka. Na wanazuoni wa Shafi wana kanuni kwamba mapatano yaliyoharibika hufuata yaliyo sahihi katika dhamana: ambalo sahihi yake haina dhamana, na lililoharibika halina. Kwa hiyo yule jirani, ambaye alilima kwa kina cha kawaida na jiwe hakuliona, hadaiwi hata senti ya plau. Na ndugu yetu naye hakudaiwa kwa yule maksai aliyechechemea mwaka juzi, madhali hakumtesa. Kinachobaki baina yao ni ujira wa mfano: kila mmoja ana haki ya kodi ya chombo chake kwa siku alizokitumia mwenziwe, kisha hukatwa huyu kwa huyu. Na kila mtu wa Ndhiwa ajua kwamba kukodi maksai wawili ni ghali kuliko kukodi plau. Yaani kwa hesabu ya sharia, aliyekuja kudai ndiye aliyekuwa mdaiwa.

Itasemwa: je, mwataka majirani wapigiane hesabu kama wafanya biashara, udugu uishe? Hapana. Anayetaka kutoa bure na atoe bure, na thawabu zake kwa Mola wake. Tunalolikataa ni ule ukimya ambao watu wameufanya kuwa adabu. Tumezoea kwamba kusema masharti mbele ya rafiki ni ubakhili, na kuuliza "ikivunjika itakuwaje?" ni kumtakia mtu mabaya. Mbona hatuoni haya hiyo kwenye trekta? Katika mashamba ya miwa ya Awendo mwenye trekta hutaja bei ya ekari kabla ya kuwasha moto, na hapana anayeitwa mkorofi. Haya hutushika mbele ya jirani tu, ambaye kumkosa yeye ni khasara kubwa kuliko kumkosa mwenye trekta. Tena katika saga, ile kazi ya pamoja ya Wajaluo ambayo sisi hatuna neno nayo ila kwa pombe inapotiwa ndani yake, kila mtu hujua ni siku gani, ni kazi gani na atakula nini.

Basi kabla chombo hakijatoka uani, na isemwe kwa ulimi kama ni bure au ni kwa badala. Ikiwa ni bure, itajwe kazi, mahali na siku ya kurudi, na wakubaliane tangu hapo wanafuata kauli ipi kikiharibika. Ikiwa ni kwa badala, zitajwe siku za kila upande, au ekari za kila upande, ili ijara iwe sahihi na isiwe ya kubahatisha. Kuandika si lazima, lakini simu ziko mikononi mwetu, na ujumbe wa mistari miwili ni shahidi asiyesahau. Na aliyeazima asimwazime mtu wa tatu bila ya idhini. Hili kwa Shafi halijuzu, nalo ndilo lililozipoteza sururu nyingi za watu Oyugis na Migori, maana chombo huondoka kwa Fulani na kikatafutwa kwa Fulani wa nne.

Tunasisitiza hivi kwa sababu nyingine pia. Kuna watu wanaodhani kwamba jambo likishindikana litapelekwa kwa kadhi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeyawekea mahakama ya kadhi mipaka ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi, baina ya Waislamu walioridhia. Plau haimo, na jirani Mkristo hayumo. Iko Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, nayo ni njia ya haki kwa mwenye kudhulumiwa. Lakini hebu fikiri, ewe ndugu, ni jirani gani utakayelima naye masika yajayo baada ya kumpeleka mahakamani kwa ulimi wa plau?

Liko dogo la mwisho ambalo twalitaja kwa kifupi, kwani wengi wametuuliza. Sufuria, majamvi na viti vya msikiti ambavyo watu huazima kwa harusi na matanga: hivi si mali ya imamu wala ya kamati hata wavitoe watakavyo. Kilichowekwa wakfu hufuata sharti la aliyekiweka. Kama aliyetoa sufuria alikusudia watu wote wa mtaa wapikie, na ziazimwe kwa wote, Muislamu na asiyekuwa Muislamu. Kama aliziweka kwa futari ya msikitini, hazitoki hata kwa harusi ya mtoto wa sheikh. Kamati nazo ziandike sharti hilo maadamu watoaji wangali hai.

Tulipokwisha kuyahakiki haya, watatu katika sisi tulifunga safari mpaka Ndhiwa, tukaenda kwanza kwa yule jirani kabla ya ndugu yetu. Tukamwambia kwamba hukumu aliyoletewa ilikuwa ni kosa letu, wala si la dini, tukamwomba radhi. Alitusikiliza akiwa amesimama, kisha akatuletea viti. Jioni wakakaa wote wawili, siku zikahesabiwa, na ndugu yetu akaonekana ana deni. Jirani hakutaka fedha. Alitaka debe mbili za mbegu na plau itengenezwe na mwenyewe. Wakaandika katika karatasi ya daftari ya skuli: plau siku nne na maksai siku nne kwa kila masika, kuvunjika kwa plau ni kwa mwenye plau, kuumia kwa maksai ni kwa mwenye maksai, ila kwa uzembe. Kila mmoja akatia sahihi, na mtoto aliyeandika naye akataka kutia yake.

Plau ilirudi kutoka kwa fundi siku ya Alhamisi. Wakati wa mahindi ulikuwa umekwisha kupita, na ile nusu iliyobaki, katika mashamba yote mawili, wakaipanda mtama.